Hasi Moja

Machi, Kakheti. Theluji bado imekaa mabegani mwa Kaukasi,
lakini huku bondeni udongo umelegea, unang'ang'ania viatu.
Ami Badri ana kamba, nyundo, na misumari mdomoni.
Mimi nina daftari la miraba
na penseli niliyoichonga kwa kisu cha kupogolea.

Baba alituachia safu moja ya mizabibu
na kigingi kimoja, kimepigwa peke yake kwenye magugu.
"Safu ya pili ipite hapa," alimwambia mama vuli ile,
akaingia ndani kupumzika.
Hakutoka tena na nyundo.

Basi nguzo ya kona, ile yenye kutu, nikaiita sifuri.
Uzio unaotutenga na Vazha nikaulaza uwe mhimili.
Safu ya baba inaanza mita mbili juu ya nguzo;
ukienda thelathini mashariki, imepanda kumi na tano.
Kumi na tano kwa thelathini: nusu.
Mita mbili za kwenda, moja ya kupanda,
ndivyo alivyotembea, hata akiwa na ndoo mbili.

"Sasa, Mzevinari," akasema ami, "tunafanyaje?"
Mteremko hatuugusi, ami. Huo tumeurithi.
Mistari sambamba huchanga mteremko,
hutofautiana pa kuanzia tu.
Kigingi kiko nane mashariki, tatu kaskazini.
Tatu ni nusu ya nane, na kitu.
Tatu ni nne, na kitu.
Kitu chenyewe ni hasi moja.

Akatema misumari kiganjani.
"Hasi moja ndiyo wapi?"
Nikanyoosha kidole: nje ya uzio, mita moja,
katikati ya vitunguu saumu vya Vazha.
"Mlinganyo wako," akasema, "unatupeleka mahakamani."

Nikageuza ukurasa. Wima ukiwa sifuri, ulalo ni mbili.
Mche wa kwanza tuusimamishe pale waya unapopita,
mita mbili toka nguzo, ndani ya haki yetu.
Mstari wenyewe ulishaingia kwa Vazha bila hodi;
mistari haisomi hati za viwanja.

Ami hakuamini. Akakata fito ya mita tatu,
akailaza toka safu ya baba, mraba kwa mraba,
ikapitiliza kigingi.
"Si ulisema tatu?"
Tatu ni kwa kwenda kaskazini tu.
Kwa njia ya mkato ni mbili, na sentimita sitini na nane.
Akapima. Akapima tena, amepiga magoti matopeni.
"Nani kakwambia?"
Pembetatu, ami.
Alinitazama kama mtu aliyekuta mbwa wake anajua kufungua lango.

Tukachimba mpaka jua likaegemea vilima.
Miche ya saperavi, mizizi imefungwa gunia bichi.
Kamba ikalia kila ilipovutwa.

Ni kwenye shimo la mwisho ndipo nilipoona.
Baada ya nguzo ya thelathini, safu ya baba haikunyooka.
Inashuka kidogo, kidogo, kuelekea kwetu,
na mwishoni imepotea njia kwa shubiri nzima.
Mizabibu minne ya mwisho, aliyoipanda wiki ile
alipokuwa akisimama kila baada ya jembe tatu.

"Tuing'oe tuinyooshe?" ami akauliza, sauti chini.
Nikaangalia daftari. Mlinganyo wangu ulikuwa sahihi
kwa sababu nukta zangu mbili nilizichukua
kabla hajachoka.

Nilisema tuiache.
Nikaandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
sambamba, hadi thelathini.
Ami akakusanya vyombo, akanipa fito niibebe.
Vazha alikuwa amesimama kwenye vitunguu vyake,
anatuhesabia miche.