Sampuli ya Kumi na Saba

Perpetua Hoza alishuka kutoka Magila
na mfuko wa salfeti, majani yamekunjwa ndani kama barua.
"Nguruwe kumi na wanne nimewafukia," alisema,
"masikio yamegeuka zambarau, miguu ya nyuma haiwabebi.
Mmoja kabaki. Huyo nilimnywesha haya."
Akalitaja jina la mti kwa Kibondei.
Nikaliandika kwa penseli, nikakosea, nikafuta, nikakosea tena,
mwisho nikalivisha namba: kumi na saba.

Mimi mtoto wa Ngamiani. Nyama hiyo sijaionja,
wala sufuria yake haijaingia jikoni kwa mama.
Shemeji hunitania kila Idi:
"Daktari wa kitimoto, wagonjwa wako hawajambo?"
Wagonjwa wangu ni seli, hawana kwato.
Wamelala kwenye kisahani chenye vishimo tisini na sita,
katika joto la mwili wa mama yao aliyekwisha kuchinjwa.

Kausha kivulini, twanga, loweka, chuja.
Punguza nusu, na nusu ya nusu, na nusu yake tena,
mpaka maji yasahau kama yaliwahi kukutana na jani.
Tia kirusi. Ngoja siku tatu.
Kisha tone la rangi: seli iliyo hai hugeuka zambarau
(rangi ileile ya masikio yale),
iliyokufa hubaki njano.

Safu ya juu, dawa kali: njano tupu.
Nikatazama vishimo nisivyotia kirusi: njano vilevile.
Dawa ya kumfukuza mwizi kwa kuichoma nyumba.
Safu ya chini, dawa hafifu: njano, kirusi kimeshiba.
Lakini katikati, safu ya tano,
zambarau iliyopauka, kama kanga iliyofuliwa mno,
ipo.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa ushungi. Ipo.

Nikarudia. Ipo, kidogo.
Mara ya tatu umeme ukakatika saa nane usiku,
jenereta likakohoa, likanyamaza,
asubuhi kisahani chote kina rangi ya chai ya hospitali.

Akapiga simu: "Majani yangu yamesemaje?"
Nikamuuliza nilichopaswa kuuliza siku ile ya kwanza:
huyo aliyebaki, alikuwa analala wapi?
"Yule? Mkorofi yule, anang'ata wenzake.
Nilimtenga tangu Kwaresma,
ng'ambo ya kijito, na ndoo yake."

Kwenye simu jogoo akawika, mchana kweupe.
Basi huenda si jani, mama. Huenda ni kijito.
Huenda ni ndoo isiyochangiwa, na meno yake mabaya.
Safu ya tano sikuitaja. Ilinikaa kooni.
Nikamwambia: osha viatu kabla ya kuingia bandani,
usimuuze anayeumwa, makombo ya hotelini usiyapokee.
"Na majani?"
Yalete tena, gunia zima.
Na safari hii, tafadhali,
nitajie jina lake polepole.