Alama za Goti

Chini kidogo ya kifuniko cha goti la kulia,
mahali ambapo dole gumba linatosha kufunika,
ndipo paliponong'ona mwezi wa sita,
jioni tulipowafunga walimu wa Bihawana seti tatu kwa moja
nami nikaruka kama niliyeazima miguu ya mtu.

Asubuhi yake nilishuka kitandani kwa awamu,
kama kabati linaloshushwa kwenye lori.
Ngazi mbili za darasa la tano zikawa kilima cha Mlimwa.

Mama mkwe akachemsha mizizi, akanikanda.
Jirani akasema, lala.
Mwalimu mkuu akasema, umri huo,
naye mwenyewe hainuki kitini bila kumtaja Mungu.
Nikalala wiki tatu.
Maumivu yakalala nami, tukaamka pamoja,
na paja likaanza kupwaya.

Nyemo wa chumba cha mazoezi, hospitali ya mjini,
binti mwenye raba nyeupe na sauti ya mnadani,
alibonyeza papo hapo. Nilimwita marehemu baba.
"Kano," akasema. "Haijakatika. Imenuna.
Likizo nzima hukuipa kazi,
kisha ukaidai ya mwaka kwa jioni moja.
Sasa umeinyima tena. Unategemea icheke?"
"Kwa hiyo nisiruke?"
"Usiruke bado. Ila kukaa, usikae."

Akanipa hesabu, mimi mwalimu wa hesabu:
mgongo ukutani, magoti yamekunjwa kana kwamba kuna kiti,
sekunde arobaini na tano, mara tano.
Wiki zikisogea, simama juu ya ubao ulioinama,
shuka kwa kuhesabu hadi nne, panda kwa kuhesabu hadi nne.
"Maumivu yape alama, sifuri mpaka kumi.
Hadi tatu, endelea. Yakizidi, punguza mzigo, usiutue.
Na msahihishaji ni asubuhi ya kesho yake."

Ukuta wangu ulikuwa wa stoo ya zabibu ya shemeji Mbeleje,
matofali ya kuchoma, upepo wa Julai ukitupiga vumbi sote wawili.
Mapaja yalitetemeka kama bati.
Mbeleje alipita na mkasi wake wa kupogolea,
akatazama kile kiti kisichokuwepo,
akauliza kama nimeshikwa na tumbo.

Agosti nikabeba begi la mwanangu,
ndani kilo nane za mchanga wa korongo.
Nikaenda shule kwa miguu, si kwa pikipiki.
Nikavuna zabibu mstari mmoja, nikapumzika, nikaongeza nusu.
Kila siku namba moja, nyuma ya andalio la somo:
nne, nne, tatu, tano, tatu, mbili.

Kisha mpira ukapaishwa na darasa la saba,
ukaelea juu ya wavu, mzuri, hauna mwenyewe.
Sikufikiri. Niliruka.
Asubuhi: saba.
Nikarudi ukutani, kurasa mbili nyuma,
nikilia kidogo, kwa hasira zaidi ya uchungu.

Oktoba, Chilewa wa dawati la mbele,
aliyetumwa kuniletea daftari ofisini, alikuja amelifunua.
"Mwalimu, huyu anayepata mbili, mbili, moja ni nani?
Mbona humwiti mzazi wake?"
Nikamwambia, "Huyo ndiye anayejitahidi kuwapita nyote."
Akaondoka akitikisa kichwa,
haki ya duniani imemshinda.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilituliza vumbi la uwanja.
Nilicheza seti moja. Niliruka mara sita, nilizihesabu;
ya saba nikaiachia ipite,
mwenzangu akanitazama vibaya.

Leo nimeamka kabla ya jogoo.
Nimekunja mguu, nimeukunjua, nimesikiliza.
Mbukwa, goti.
Limejibu kwa Kigogo chake kizito, kwa kuchelewa:
moja.
Nimeandika. Nimevaa raba. Nimeenda ukutani.