Masahihisho

Wamenipa kurasa mia mbili na kumi, kalamu nyekundu,
na chumba nyuma ya kiwanda cha chapa, Mwanjelwa,
ambako mashine ikipumzika nawasikia wauza mitumba.
"Maana usiiguse," kaniambia mchapaji.
"Wewe ni nukta na mkato."
Nami siigusi. Nasoma.

Mwinjilisti Anyosisye wa Masoko, imeandikwa,
aliuchukia utumwa tangu tumboni mwa mama yake.
Imeandikwa sauti ilimwita migombani, mara tatu.
Imeandikwa msafara ulipopita na watu wa minyororo
alisimama katikati ya njia, Kitabu mkononi,
akatoa ng'ombe saba kwa binti mmoja,
tena kwa furaha kwani imani haihesabu.

Naweka mkato baada ya furaha.

Binti yule alimzaa aliyemzaa bibi yangu.
Kwetu hadithi haikupitia migombani.
Ilipitia jikoni.

Alikuwa naye mmoja nyumbani, huyo mwinjilisti,
mvulana wa rehani, deni la baba yake,
asiyekula mpaka mbwa ashibe.
Miaka miwili alihubiri Kutoka,
bahari ikipasuka, watu wakivuka,
na mvulana nyuma yake amemshikia mwavuli.
Hadi Tumpe, mkewe, siku moja ya mvua
(na mvua ya kwetu haibishi hodi)
akapakua ndizi, akatenga sahani tatu, akauliza:
"Farao naye, mwavuli alishikiwa na nani?"

Hakula siku ile. Wala ya pili.
Ya tatu alimrudisha mvulana kwao, kwa miguu,
akaja peke yake, amelowa chapachapa,
mwavuli kausahau huko.

Kitabu kinampa Tumpe nusu mstari:
*alikuwa mke mnyenyekevu.*
Nimeuchungulia huo mstari
kama mtu aliyeangusha sindano.

Na ng'ombe? Alilia.
Alimlilia yule mwenye paji jeupe, akimwita kwa jina.
Usiku akainuka kuhesabu kamba tupu
upande wa pili wa nyumba, kwani walilala paa moja,
watu huku, ng'ombe kule.
Akazihesabu tena, kana kwamba kamba huzaa.
Asubuhi alimtazama binti kwa jicho
ambalo binti hakulisahau hadi uzee wake:
jicho la mtu anayejiuliza kama kapunjwa.
Kisha akaenda kwa jirani kumwombea maziwa.

Hiyo ndiyo imani niliyorithi mimi,
ya kuni mbichi: moshi tele,
na mtu kapiga magoti anapuliza, macho yanamchuruzika.

Ukurasa wa tisini wanambatiza Gwantwa,
yaani, wa Bwana.
Herufi kubwa. Nimeikagua mara mbili.
Alitoka kwa bwana akawa wa Bwana,
na jina alilokuja nalo
hakuna aliyemuuliza, hata Tumpe,
hata sisi, tuliokuwa na miaka yote ya kumuuliza.

Ukurasa wa mia na mbili mpiga chapa alikuwa amechoka.
Kaandika: *Mwinjilisti alipomwona binti, akamwonea huru.*
Imedondoka *ma*.

Nimekaa na hiyo *ma* muda mrefu.
Nje mtu ananadi makoti, baridi ya Juni imemjalia sauti,
elfu tatu, elfu tatu, chagua mwenyewe.
Huruma naijua. Hata wenye minyororo walikuwa nayo,
waliwapa watu maji kwenye vivuko.
Lakini kumwonea mtu huru,
kumwona yu huru na kamba ingali shingoni,
kabla hujajua utaulizwa ng'ombe wangapi,
na ujue utalia,
na utoe...

Mchapaji kachungulia mlangoni. "Umemaliza?"
"Bado," nimesema.
Kalamu i wazi mkononi,
wino umeanza kukauka nchani.