Jumanne kwa Tuttle

Jumanne, saa moja jioni, Escanaba.
Theluji imefika kwenye vioo vya magari
na sisi tunaingia kwa Tuttle tukikung'uta viatu,
watano, jezi za kijani, majina mgongoni.
Langu limekosewa herufi. Nimelilipia, nalivaa.

Duane ndiye nahodha. Ana daftari na kalamu mbili,
moja kaining'iniza shingoni kama ufunguo wa mtoto.
Huandika nani kapiga, nani kakosa, nani kachelewa,
na kila mtu ana namba ya uwezo wake:
Duane sita, Bernadine nne, mimi mbili.
Mwaka wa tatu huu, bado mbili,
nimeizoea kama mtu alivyozoea kovu lake.

Sikujiunga kwa tamaa ya kikombe.
Kikombe chenyewe ni plastiki,
juu yake mtu asiye na uso ameinamia meza.
Mume wangu alikufa Oktoba
na siku zote saba zikawa siku moja.
Nilitaka walau mojawapo iwe na jina.
Ligi ikanipa Jumanne.

Bernadine alijiunga ili asiwepo nyumbani
mwanawe anapopiga simu kuomba pesa.
Dalton alidhani atafika Las Vegas;
wapo wanaofika, kweli, hurudi na kofia.
Na yuko Gerald wa timu ya kituo cha mafuta,
anayekosa makusudi ili namba yake isipande,
mtu mzima, ana wajukuu,
anajifanya mkono unamtetemeka.
Kila mtu anajua. Kila mtu anaandika.

Reino Hautala haji Jumanne.
Huja Alhamisi, saa sita mchana,
baa ikinuka sabuni ya sakafu.
Nimemwona akiituma ile nyeusi
ikagusa kingo tatu, ikaingia shimoni
bila kelele, kama paka ajuaye mlango wake.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema.
Reino hucheza kwao, saa isiyo na wa kumtunza.

Duane kamwomba miaka sita. Jezi bure, bia bure.
Watu nao wana yao:
anaogopa kushindwa; bahili, ada inamuuma;
ana deni la kamari Green Bay.
Maneno ya baa, yana chumvi kuliko karanga zake.

Nilimwuliza mwenyewe. Akapaka chaki, polepole.
"Miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha karatasi
nilikuwa mia nne kumi na saba.
Kifuani, kwenye kofia, kwenye kabati la chakula.
Siku ya kustaafu niliwarudishia.
Sasa Duane anipe saba?"

Februari, usiku wa tufani, gari la Dalton likakwama.
Tukawa wanne, na kanuni ni kanuni: pengo ni pointi mbili.
Reino alikuwepo, tanuri la nyumbani limemharibikia,
ana bakuli la supu mbele yake.
Duane akamtazama. Baa nzima ikamtazama.
Akamaliza supu. Akafuta kijiko.
Akavaa koti akatoka kwenye baridi ile,
kwenye nyumba isiyo na moto.
Tulishindwa kwa pointi moja.

Bernadine hamsalimii tena.
Mimi, Alhamisi iliyofuata, nilikwenda mchana,
bila jezi, nikahisi niko uchi kidogo.
Hakuuliza kitu. Alipanga mipira, akanipisha nianze.
Tulicheza mpaka saa tisa, taa moja tu juu ya meza.
Nikauliza, "Ngapi kwa ngapi?"
Akachungulia dirishani. "Theluji imekatika," akasema.

Lakini nilihesabu, siwezi kuacha.
Tano kwa moja.
Na ile moja, sijui kama nilimpiga
au alinipa.
Hapakuwa na daftari.
Niliendesha gari hadi nyumbani polepole,
nikiutazama mkono wangu kwenye usukani.