Inchi Moja na Nusu

Niliinunua mnadani Kizota:
nyeusi, tumbo pana, usukani umefungua mikono
kama mtu anayepokea wageni asiowajua.
Mwenyewe alikuwa mhandisi wa reli, mrefu.
Mkataba ulipomwishia aliiacha na kofia yake,
ambayo nayo inanipwaya.

Mimi ni futi tano kasoro.
Mama alinibeba mwaka wa njaa,
hulisema hilo kila nikishindwa kufikia rafu.

Siku ya tatu, taa nyekundu, saa ya watu kutoka kazini,
nikaitafuta lami kwa ncha ya kiatu
nikaikosa.
Kilo mia mbili na ushei zikalala polepole,
kama ng'ombe aliyeamua,
nami juu yake na mfuko wa miche ya zabibu.
Bodaboda wanne wakaja kutunyanyua.
Walianza na pikipiki.

Fundi Ndahani wa Nkuhungu hakucheka.
Alichukua utepe wa cherehani
akanipima kutoka nyonga hadi kisigino,
akapima kutoka kiti hadi saruji,
akatamka kama hakimu wa mirathi:
"Mnagombania inchi moja na nusu.
Naweza kuishusha. Nyuma shokapu fupi,
mbele niisogeze foku juu kidogo.
Ila elewa, springi ni mkopo.
Inchi nitakayoipunguza hapa
barabara ya Mvumi itakuja kukudai."
Nikamwambia idai.

Kutwa nzima. Grisi, spana, mswaki mkuukuu.
Akalaza shokapu mpya kando ya zile za zamani
kama watoto na baba zao kwenye mkeka mmoja.
Magharibi tukaona stendi ya pembeni imekuwa ndefu:
pikipiki imesimama wima mno,
inatamani kuangukia upande wa pili.
Akaikata kwa msumeno, akachomelea,
akanipa kipande kilichobaki,
kidole gumba cha chuma, bado cha moto.

Kesho yake, kwenye taa zile zile,
nyayo zangu mbili, zote, mpaka kisigino,
zikakanyaga Dodoma.
Taa ikawa kijani. Nikasahau kuondoka.

Basi. Sasa na mengine niyaseme.

Kwenye lami haina neno. Inaenda chinichini,
inateleza kama mlenda kooni,
ila kona ikizidi
kikanyagio kinakwangua, cheche, nami nanyooka na adabu zangu.
Lakini nikiiacha lami,
pale changarawe inapojikunja kama bati,
kila shimo linaniita kwa jina la ukoo.
Shokapu inafika mwisho wa safari yake, ko!
na hiyo ko inapanda pingili kwa pingili
ikaishie kwenye magego.
Ekzozi imeshabusu matuta yote ya Makulu.
Miche inafika imekung'uta udongo.
Mama Lechipya, mwenye ekari mbili za zabibu,
hunishikia kikombe cha maji,
kisha hunishikia kiuno.

"Nirudishe?" Ndahani huniuliza.
Za zamani anazo, kazifunga kwenye gazeti.
Nilisema mavuno yapite.
Yakapita. Nikasema tuone mvua.
Siku hizi nikiliona tuta najiinua kidogo,
magoti yawe springi,
na mwendo nimeupunguza
hadi mbuzi wa Mvumi hawanikimbii tena,
wananitazama nikipita, wanatafuna.

Jambo moja tulilisahau siku ile, yeye na mimi:
nyuma ikishuka kuliko mbele
taa huinua uso.
Usiku wa kwanza nikirudi mjini
barabara ilikuwa giza tupu mbele ya gurudumu,
na mimi, mtu wa futi tano kasoro,
namulika vilele vya migunga,
mawe yaliyopandana juu ya kilima,
bundi mmoja mwenye hasira.
Ilitaka skrubu moja, nusu mzunguko.
Nilikaa nayo hivyo siku tisa.