Imekunwa Hadi Kifuu

Gari la mikate la Bwika lilikuja likilia,
si honi, ni chuma juu ya chuma,
na tangu Makupa hadi hapa Magongo
watu wamegeuza shingo.

Swabra hakuuliza. Alipiga jeki,
akang'oa gurudumu la mbele, la kushoto,
akaniita: Nyevu, njoo usome.
Sahani ya breki ilikuwa na mifereji
kama shamba lililolimwa na mlevi.

"Mguu unakanyaga kule," alisema,
"mafuta yanakimbia kwenye mrija huu.
Mafuta hayakubali kubanwa, hayana pa kujificha,
basi yanamsukuma huyu," akaigonga pistoni,
"naye anazisukuma pedi.
Moja huku, moja huku, sahani katikati,
kama unavyobana sikio la mtoto mtundu.
Basi. Hakuna uganga."

Na mwendo, nikauliza, mwendo huenda wapi?

"Hauendi. Unageuka moto."

Akanishika kifundo cha mkono,
akakisogeza karibu na sahani, nisiguse,
na kabla ya kufika nikaihisi:
joto la mteremko wote wa feri ya Likoni,
joto la punda aliyesimama katikati ya njia
akifikiria mambo yake,
joto la mtoto aliyefuata mpira pale Mtongwe,
ambaye mama yake anasuka ukili hadi sasa
wala hajui kwamba kulikuwa na siku kama hiyo.

Bwika alikuwa anahesabu noti kwa kidole gumba.
"Niwekee zile za bei rahisi."

Swabra akamtupia pedi kuukuu mapajani.
Ilikuwa nyembamba kama ukucha,
na upande mmoja haikuwa pedi tena.
"Umeikuna hadi kifuu," akasema.
"Hapo tui hutapata, hata ukamue hadi Idi."

Bwika akaigeuzageuza. Hakujibu.
Sijui alikuwa amemkumbuka punda au nani.

Zikaingia pedi mpya na sahani mpya.
Tulitoa hewa kwenye mrija, mimi nikikanyaga,
yeye chini akisema shikilia, achia,
shikilia, mpaka kanyagio likawa gumu
kama neno la mtu anayemaanisha.

Alilipa nusu kwa fedha, nusu kwa mikate,
akaondoka. Pale kwenye tuta alipunguza mwendo,
tukatega sikio, mimi na Swabra:
kimya.

Mkate ulinuka pedi iliyoungua, kwa mbali.
Tuliula vivyo hivyo, na mikono haijanawiwa.