Jicho la Manjano

Limefumbua tena, Gede, pale penye matuta,
jicho la manjano kando ya saa ya mwendo.
Mara ya nne hii. Nikaliambia, "Umerudi?"
kama aambiwavyo mdai aliyekwishaketi barazani.

Kakangu Shekuwe, aliyeniuzia hii Probox,
alikuwa amelibandika utepe mweusi.
"Halina neno," alisema. Mwaka mzima
nikabeba mikate hadi Watamu
nisijue kuna kitu kinaniita.

Fundi wa Barani akachomeka mashine,
akasoma: P, sufuri, nne, mbili, sufuri.
Akafuta. Shilingi mia tano.
Nikafika Gede.

Fundi wa Maweni hakuchomeka chochote.
"Kataliti imekufa, mama. Elfu sitini, yatoka Mombasa."
Alisema huku akitafuna muhogo,
hata uvunguni hakuinama.

Leo niko kwa Umazi, nyuma ya ghala la simiti.
Ameuliza kwanza: "Lanuka? Lachoka mlimani?"
Mlima gani, Malindi hii? Tukacheka.
"Haya, darajani Sabaki."
"La. Lavuta vizuri tu."

Akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi,
akaniambia niwashe,
akajisukuma chini na kopo la maji ya sabuni.
Nikaona miguu tu,
ndara moja ya buluu, moja nyekundu.
Kisha: "Mama Rukia, njoo uone mwenyewe."

Nikalala mchangani na buibui langu.
Kwenye kiungo, kabla ya sensa ya pili,
povu lilikuwa likitoka, dogodogo,
kama mtoto achezaye na mate yake.

"Chumvi imekula bomba. Hewa yapenya hapa,
sensa yainusa, yadhani kataliti haifanyi kazi.
Kataliti mwaisingizia bure.
Wala taa haikusema uongo.
Imesema ilivyoambiwa."

Gasketi mia tatu hamsini, kuchomelea elfu moja.
Taa hakuifuta.
"Endesha. Ikiridhika, itazima yenyewe."

Siku tatu nimekwenda nayo imenikodolea.
Asubuhi ya nne, Mambrui, kreti zikiwa tupu,
nimewasha gari: taa zote zikawaka,
zote zikazima.
Nayo.

Gundi ya utepe wa Shekuwe ingali pale kiooni.
Naikwangua kwa ukucha kila ninaposimama.
Gede nimepita, matuta yote matatu,
na kila tuta nimetazama chini.